Nani Aliitungua? Madai ya Marubani na Daftari la Adui

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1940 ndege za Ujerumani ziliishambulia London mara mbili, kabla ya adhuhuri na tena alasiri, na Uingereza ikarusha karibu kila ndege ya kivita iliyokuwa nayo kusini mwa nchi. Siku hiyo ikatangazwa kwamba ndege 185 za adui zimetunguliwa. Kesho yake magazeti yaliibeba namba hiyo kwa herufi kubwa, na mpaka leo Waingereza huiadhimisha tarehe ile kila mwaka. Vita vilipokwisha, kumbukumbu za bohari za Jeshi la Anga la Ujerumani ziliangukia mikononi mwa washindi. Hizo ni karatasi ambazo kila kikosi kilijaza ili kipewe ndege mpya badala ya zilizopotea. Humo hasara ya siku ile haikukaribia hata nusu ya 185. Hesabu zinazokubalika zaidi huiweka kati ya ndege 56 na 61.

Nani alidanganya? Nionavyo, karibu hakuna. Marubani wale vijana walitua wakiwa wamelowa jasho, wakamweleza afisa upelelezi walichokiona, naye akaandika. Dai la rubani ni ushahidi wa alichokiona kwa sekunde tatu au nne. Kilichotokea kweli kiliandikwa upande wa pili, na karani aliyetakiwa kujua ndege ngapi hazikurudi. Kila jeshi lililosahau tofauti hiyo lililipa kwa maisha ya watu wake, na ndiyo maana naliona suala hili kuwa zito kuliko ubishi wa wapenzi wa ndege kuhusu nani alikuwa bingwa wa nani.

Desturi ya kuhesabu ilizaliwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1915 Mfaransa Roland Garros alifunga vipande vya chuma kwenye panga za ndege yake ili risasi zitakazozigonga zichepuke, akaweza kulenga kwa kuielekeza ndege nzima kwa adui. Miezi michache baadaye Wajerumani wakawa na mtambo uliofungamanisha rashasha na mzunguko wa panga, na uwindaji wa angani ukaanza. Ndege tano zikawa kiwango cha kuitwa bingwa. Januari 1916 Oswald Boelcke na Max Immelmann walivishwa nishani ya Pour le Mérite, kila mmoja akiwa amefikisha ndege nane. Mwaka mmoja baadaye Manfred von Richthofen alitakiwa kufikisha 16 ndipo aipate. Sura zao zilichapwa kwenye kadi za posta. Tangu hapo namba ilikuwa na bei yake: cheo, nishani na jina nyumbani.

Hata hivyo orodha ya Richthofen ya ndege 80 ni miongoni mwa zile zilizostahimili uchunguzi vizuri zaidi. Wanahistoria walioilinganisha na kumbukumbu za Uingereza wamezitambua nyingi mno kati ya ndege hizo, kwa namba ya ndege na mara nyingi kwa jina la rubani aliyekufa. Jambo hilo halitokani na uaminifu wa Kiprusi. Linatokana na jiografia. Jenerali Hugh Trenchard wa Uingereza alishikilia kwamba ndege zake lazima zivuke mstari wa mapigano kila siku na kupigana juu ya ardhi iliyoshikwa na Wajerumani, na upepo wa eneo lile, unaovuma mara nyingi kutoka magharibi, ulizisukuma huko huko. Kwa hiyo ndege ya Mwingereza iliyotunguliwa ilianguka mbele ya macho ya askari wa Kijerumani. Richthofen aliweza kuyafuata mabaki kwa gari, akakata kitambaa chenye namba ya ndege na kukitundika chumbani kwake. Mwingereza hakuwa na nafasi hiyo. Aliiona ndege ya adui ikishuka kwa kuzunguka, akageuza shingo kumtafuta mwingine, na aliporudi akaandika kwamba aliiacha haina udhibiti. Dai la namna hiyo nalo lilihesabiwa kuwa ushindi.

Ndivyo ilivyozuka kesi ya Billy Bishop, Mkanada mwenye ushindi 72. Alfajiri ya tarehe 2 Juni 1917 aliruka peke yake, na aliporudi alieleza kwamba amekishambulia kiwanja cha ndege cha Wajerumani na kutungua ndege tatu. Akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kuliko zote katika dola ya Uingereza, bila shahidi hata mmoja wa upande wake. Kumbukumbu za Kijerumani hazikuonyesha hasara inayolingana na simulizi yake. Filamu ya Kikanada ya mwaka 1982 ilipothubutu kulisema hilo hadharani, wazee waliopigana vita walikasirika mno hata suala likafika Baraza la Seneti. Nawaelewa wale wazee. Lakini kumheshimu askari hakulazimishi kuigeuza kila ripoti yake kuwa hati ya mahakama.

Ili kujua kosa linavyotokea, ni lazima mtu ajiweke ndani ya kile kiti chembamba. Ndege mbili zinazoelekeana hukutana kwa mwendo unaozidi kilomita 900 kwa saa. Adui anaonekana, anajaa kwenye kioo cha shabaha, anatoweka. Spitfire ya 1940 ilikuwa na risasi za kufyatua kwa takriban sekunde 15 tu. Anayebaki kuangalia ndege inavyoanguka hadi chini hujiweka tayari kuuawa na adui mwingine, na makamanda waliwaonya marubani wao kila siku wasifanye hivyo. Rubani wa Kijerumani wa Messerschmitt naye, akibanwa, alikuwa na mbinu aliyoizoea: aligeuza ndege kichwa chini na kupiga mbizi huku akiisukuma injini kwa nguvu zote. Injini ilitema moshi mweusi. Kwa aliyekuwa nyuma, moshi ule na ile mbizi vilikuwa picha kamili ya ndege inayokufa. Kumbe mwenzake aliinyanyua pua karibu na mawimbi ya mlango wa bahari kati ya nchi hizo mbili, akarudi Ufaransa kwa chakula cha jioni.

Sababu nyingine hufanya kazi hata pale ndege inapoanguka kweli. Siku ile ile ya 15 Septemba, ndege moja ya mabomu ya Kijerumani, Dornier, ilikatika vipande juu ya London na sehemu yake kubwa ikaangukia karibu na stesheni ya Victoria. Rubani Ray Holmes, risasi zikiwa zimemwishia, aliigonga kwa Hurricane yake. Lakini kabla yake ndege kadhaa nyingine zilikwishaimiminia risasi Dornier ile iliyokuwa ikijikokota peke yake, na marubani zaidi ya mmoja waliihesabu kuwa yao. Kila mmoja alisema kweli: alipiga, akaona vipande vikiruka. Ndege moja ikazaa ushindi kadhaa. Kadiri wapiganaji walivyojaa mahali pamoja, ndivyo hesabu ilivyovimba. Ndiyo sababu kundi kubwa la ndege lililoongozwa na Douglas Bader kutoka Duxford, lililosifiwa kwa ushindi mwingi, ndilo ambalo madai yake yalipungua sana yalipokuja kupimwa. Na wakuu walikuwa wameshayatumia madai hayo katika ugomvi wa mbinu uliochangia kumwondoa Keith Park kwenye amri ya Kundi la 11 lililolinda London, mtu ambaye, kwa maoni yangu, aliiokoa London.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikiri hesabu ya jumla. Katika miezi ya mapigano juu ya Uingereza mwaka 1940 marubani wake walidai ndege 2,698. Daftari za Ujerumani zilionyesha 1,733. Wajerumani nao walidai zaidi ya 3,000, wakati Uingereza ilipoteza 915. Wote walizidisha, ila mwenye nyumba alizidisha kidogo kwa sababu mabaki yalikuwa mashambani kwake, na rada ilimwonyesha kila asubuhi kwamba adui bado yupo.

Wajerumani hawakuwa na kioo cha namna hiyo. Mkuu wao wa upelelezi wa anga, Joseph Schmid, alichukua idadi ya ndege za Uingereza mwanzoni mwa vita, akatoa zilizodaiwa na marubani, akaongeza uzalishaji aliokadiria kuwa mdogo. Katikati ya Agosti akafikia hitimisho kwamba Waingereza wamebaki na ndege za kivita 300 hivi zinazoweza kuruka. Ukweli ulizidi mara mbili ya hapo, na viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitoa zaidi ya 450 kwa mwezi. Mapema Septemba makamanda wakakutana. Albert Kesselring aliamini kwamba adui amekwisha. Hugo Sperrle alikataa, akasema Waingereza bado wana ndege kama elfu moja. Ikashinda hesabu ya kwanza, ikichanganyika na hasira ya Hitler juu ya mabomu yaliyoangukia Berlin. Tarehe 7 Septemba mashambulizi yakahamishwa kutoka viwanja vya ndege kwenda London, na viwanja vile vilivyokuwa vimeelemewa vikapata kupumua. Siku nane baadaye wafanyakazi wa ndege za mabomu, walioambiwa kwamba wamebaki maadui wachache tu, wakakuta anga limejaa.

Waingereza walifundishwa somo lile lile mara tu walipovuka mlango wa bahari. Kuanzia Juni 1941 hadi mwisho wa mwaka walipeleka ndege zao za kivita juu ya Ufaransa, wakadai kutungua zaidi ya 700. Wajerumani walipoteza kama 100 kwa mapigano katika muda huo, nao Waingereza wakapoteza takriban 400. Marubani walikuwa ni wale wale waliolinda Kent, na uaminifu wao ni ule ule. Kilichobadilika ni ardhi iliyokuwa chini yao.

Hakuna mahali ambapo namba zilipaa kama ndani ya ndege kubwa za mabomu za Marekani. B-17 ilikuwa na rashasha zaidi ya kumi, na ndege hizo ziliruka kwa makundi yaliyobanana ili zilindane. Mjerumani mmoja akipita katikati ya kundi alifyatuliwa na watu kumi, ishirini, wote kwa pamoja, na akitoa moshi wote ishirini waliamini ni kazi yao. Mnamo Oktoba 1942, juu ya mji wa Lille, wapiga rashasha walidai ndege 56 zimetunguliwa. Kumbukumbu za Kijerumani zinataja moja au mbili. Tarehe 17 Agosti 1943, katika safari ya Schweinfurt na Regensburg, walidai 288. Wajerumani walipoteza ndege kama 27. Wamarekani wenyewe walipoteza ndege za mabomu 60, kila moja ikiwa na vijana kumi.

Maofisa upelelezi walijua kwamba namba zile haziwezekani. Wakizijumlisha kwa miezi michache, Ujerumani isingebaki na ndege hata moja. Lakini ungemwambiaje kijana wa miaka 20, aliyerudi na mwenzake amekufa kwenye kiti cha pili, kwamba hakutungua kitu? Walizipunguza kidogo, wakaziacha zipite. Nawahurumia kwa uamuzi huo, ila matokeo yake hayasameheki kirahisi. Namba zile zililisha imani kwamba ndege za mabomu zinaweza kujilinda zenyewe, bila ndege za kivita za kuzisindikiza hadi mwisho wa safari. Tarehe 14 Oktoba 1943 zilirudi Schweinfurt kwa imani hiyo, na nyingine 60 zikapotea.

Waongo wa makusudi walikuwepo. Mwamba ngoma huvutia kwake, na palipo na nishani wavutaji hawakosekani. Wajerumani walidai shahidi, fomu ndefu na miezi ya uhakiki kabla ya kukubali ushindi, na kwa kanuni yao ndege moja ilikuwa ya rubani mmoja tu. Kanuni hizo hazikuzuia kundi la marubani wanne wa kikosi cha JG 27 huko Misri, Agosti 1942, kushuhudiana wao kwa wao ushindi ambao upande wa Uingereza hauna hasara zinazolingana nao. Wenzao walishuku kwamba walikuwa wakimimina risasi kwenye mchanga wa jangwani. Kundi likavunjwa bila kelele. Kivuli chao kilimwangukia hata Hans-Joachim Marseille wa kikosi hicho hicho, aliyedai ndege 17 kwa siku moja, tarehe 1 Septemba. Watafiti humpunguzia kadhaa, ingawa umahiri wake haupingwi. Warusi kwa upande wao waliweka fedha: agizo la Agosti 1941 lilimpa rubani rubo 1,000 kwa kila ndege aliyoitungua. Dai lao lilitakiwa kuthibitishwa na askari wa ardhini, lakini katika mwaka ule wa kurudi nyuma kila siku, nani alibaki ardhini kuthibitisha?

Kosa la kinyume, la kuhesabu pungufu, halisemwi sana, nalo lina uhusiano na pwani yetu. Roald Dahl, aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa vitabu vya watoto, alikuwa karani kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam vita vilipoanza. Novemba 1939 aliendesha gari hadi Nairobi kujiandikisha katika Jeshi la Anga, akafundishwa kuruka huko huko. Aprili 1941 alikuwa Ugiriki, katika kikosi kidogo cha Hurricane kilichokabiliana na jeshi la anga zima. Tarehe 20 Aprili, juu ya Athens, ziliruka Hurricane 12, tano hazikurudi. Watazamaji wa ardhini walihesabu ndege 22 za Kijerumani zikianguka, lakini katika msongamano ule hakuna rubani aliyejua kwa hakika ametungua ipi. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo kiongozi wao, Marmaduke Pattle, mzaliwa wa Butterworth, Afrika Kusini. Yaelekea Pattle ndiye rubani aliyetungua ndege nyingi kuliko wote katika Jeshi la Anga la Uingereza. Makadirio huanzia 40 na kupita 50. Hakuna atakayethibitisha, maana kumbukumbu za kikosi zilipotea katika mkimbio wa kuondoka Ugiriki. Bishop ana uwanja wa ndege uliopewa jina lake. Pattle hajulikani hata na Waafrika Kusini wengi, na tofauti kati yao imetokana kwa kiasi kikubwa na masanduku ya karatasi.

Gharama kubwa kuliko zote ililipwa na Japani. Tayari mwaka 1939, kwenye mapigano ya mto Khalkhin Gol mpakani mwa Mongolia, Wajapani walidai ndege za Kisovieti zaidi ya 1,200, wakati Wasovieti walipoteza mia mbili na ushei.  Oktoba 1944, katika mapigano ya anga karibu na Formosa, yaani Taiwan ya leo, marubani wachanga waliofunzwa haraka haraka walizishambulia meli za Marekani, nyingi usiku. Waliona miali ya moto, wakaripoti manowari. Tokyo ikatangaza kwamba manowari 11 za kubeba ndege zimezamishwa, pamoja na meli nyingine nyingi. Watu wakasherehekea, mfalme akatoa pongezi. Haikuwa imezama hata moja. Kruza mbili, Canberra na Houston, ziliharibiwa vibaya na kukokotwa, na Wajapani walipoteza ndege zaidi ya 300.

Afisa upelelezi wa jeshi la nchi kavu, Hori Eizo, alipita kwenye kiwanja cha Kanoya siku zile zile, akawahoji marubani waliorudi. Umejuaje kuwa ni manowari ya kubeba ndege? Nani mwingine aliiona ikizama? Majibu hayakumridhisha, akatuma simu ya kuonya kwamba matokeo yale yasiaminiwe. Hayakutendeka aliyoyashauri. Jeshi la wanamaji, lilipokuja kugundua ukweli, halikuliambia jeshi la nchi kavu. Wamarekani waliposhuka kisiwa cha Leyte, Ufilipino, tarehe 20 Oktoba, Tokyo iliwaona kuwa mabaki ya jeshi lililokwisha kupigwa, ikaamua kupigana vita vya mwisho pale badala ya Luzon, ingawa Jenerali Yamashita Tomoyuki alipinga. Makumi ya maelfu ya askari walipelekwa kisiwani kwa meli, chini ya anga lililotawaliwa na ndege zilizotoka kwenye manowari zilizosemekana kuwa chini ya bahari. Wengi walikufa njaa msituni.

Teknolojia haikuumaliza ugonjwa huu. Korea, miaka ya 1950, ndege za Sabre zilikuwa na kamera zilizofungwa pamoja na bunduki, na bado Marekani ilitangaza MiG 792 kwa Sabre 78, uwiano wa kumi kwa moja uliofundishwa vyuoni kwa miaka mingi kabla ya kushushwa. Februari 2019 India ilitangaza kutungua F-16 ya Pakistan, Pakistan ikakana, na kila nchi imeendelea na ukweli wake. Mwaka 2022 dunia ilisimuliwa habari za rubani mmoja aliyeitwa Mzuka wa Kyiv, hadi jeshi la anga la Ukraine lenyewe likasema kwamba mtu huyo hayupo.

Wanaosahihisha hesabu hizi ni watu wa subira kubwa. Huchukua orodha mbili, ya madai na ya hasara, wakalinganisha saa, mahali, aina ya ndege na namba ya injini iliyochimbuliwa shambani, na wakati mwingine kaburi la askari asiyejulikana hupata jina. Ushindi 352 wa Erich Hartmann, mkubwa kuliko wowote katika historia, bado unabishaniwa kwa sababu nusu ya ushahidi wake umo kwenye hifadhi za Kirusi zilizofunguliwa tu baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Na hata mabaki yakiwepo, mashahidi wakiwepo, kesi inaweza kukataa kufungwa. Tarehe 18 Aprili 1943 Wamarekani waliivizia ndege ya Admirali Yamamoto Isoroku wa Japani juu ya kisiwa cha Bougainville. Waliporudi Guadalcanal walidai ndege tatu za mabomu na tatu za kivita. Wajapani walipoteza mbili za mabomu, na ndege zote sita za kivita zilizomsindikiza Yamamoto zilirudi. Thomas Lanphier alisema kwamba yeye ndiye aliyemuua Yamamoto. Rex Barber akasema ni yeye. Jeshi la Anga likawagawia ushindi huo nusu kwa nusu. Mabaki yaliyomo msituni yanaonyesha risasi zilizotoka nyuma, jambo linaloafiki maelezo ya Barber, na rubani mmoja wa Kijapani aliyenusurika alieleza hivyo hivyo. Barber aliomba rekodi irekebishwe, bodi ikagawanyika, mahakama ya rufaa ikakataa kuingilia. Lanphier alifariki mwaka 1987, Barber mwaka 2001, na rekodi rasmi bado inampa kila mmoja nusu ya ndege.